Mpira wa gofu unapunguzwa mwendo: nani atapoteza yadi, na nani hatasikia kitu

Tangu Desemba 2023, ilipotangazwa kwamba mipira ya gofu itapimwa kwa masharti mapya ili isifike mbali kama ya sasa, habari hii imekuwa ikizunguka vilabuni na kwenye makundi ya WhatsApp, na kila inapopita kwa mtu mwingine inaongezewa chumvi: kwamba mipira yote ya gofu ya sasa itapigwa marufuku, kwamba PGA imeamua kuwakomoa vijana wenye nguvu, kwamba mzee anayepiga yadi 180 atajikuta anapiga 150. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo sahihi. Mabadiliko yenyewe ni madogo kuliko uvumi. Sababu zake, hata hivyo, ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na zinamgusa hata mtu asiyewahi kushika fimbo, kwa kuwa chini ya ubishi wote huu kuna suala la ardhi.

Tuanze na maneno machache kwa ajili ya msomaji asiyecheza. Mchezo kamili ni mashimo 18. Kila shimo huanzia kwenye tii, yaani mahali palipotengwa pa kupigia mkwaju wa kwanza, na huishia kwenye grini, ile sehemu ya majani mafupi kabisa yanayokizunguka kishimo chenyewe. Umbali kati ya tii na grini hupimwa kwa yadi, na yadi moja ni kama sentimita 91. Fimbo inayopeleka mpira mbali kuliko zote huitwa draiva. Mzozo wote unahusu umbali ambao mpira unafika ukipigwa kwa draiva na mtu mwenye nguvu nyingi sana.

Halafu kuna swali la nani mwenye amri. Wengi wakisikia gofu wanafikiria PGA Tour, wale wa Marekani wanaoonekana kwenye televisheni wakigawa mamilioni ya dola. PGA Tour huandaa mashindano tu. Kanuni za mchezo, pamoja na vipimo vya mipira na fimbo, huandikwa na vyombo viwili kwa pamoja: R&A, wenye makao St Andrews kule Scotland, na USGA, chama cha gofu cha Marekani kilichoanzishwa 1894. USGA husimamia Marekani na Mexico. Kwingineko kote duniani, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwemo, kanuni ni za R&A. Kwa hiyo uamuzi tunaouzungumzia haukutolewa na PGA Tour. PGA Tour, kama tutakavyoona, haikuupenda.

Uamuzi wenyewe unasemaje? Kwa miaka mingi kila aina ya mpira wa gofu imekuwa ikipimwa kwa mashine kabla ya kuidhinishwa. Mashine inapiga mpira kwa kasi maalumu, kwa pembe maalumu, na mpira hauruhusiwi kuvuka yadi 317, pamoja na nafasi ya yadi 3 za msamaha. Kasi ya kichwa cha fimbo katika kipimo hicho ilikuwa maili 120 kwa saa, sawa na kilomita 193. Kilichobadilika ni kasi hiyo. Kipimo kipya kinapiga kwa maili 125 kwa saa, mpira ukiondoka kwa pembe iliyo juu kidogo na ukizunguka kinyumenyume polepole kidogo, kama wanavyofanya wapigaji wakubwa wa leo. Kikomo cha yadi 317 hakikuguswa. Mpira uliokuwa unafika ukingoni mwa kikomo kwa pigo la maili 120 utavuka ukipigwa kwa 125, na hautaidhinishwa. Watengenezaji watalazimika kuunda mpira usioruka mbali kama huo ili upite mtihani.

Tarehe zilizotangazwa ni Januari 2028 kwa wachezaji wa kulipwa na mashindano ya juu, na Januari 2030 kwa sisi wengine. Limekuwapo pia pendekezo la kuziunganisha tarehe hizo ziwe moja, 2030 kwa wote, ili madukani kusiwe na mipira ya aina mbili kwa miaka miwili.

Sasa tuje kwenye swali la kila mtu: nitapoteza kiasi gani? R&A na USGA walitoa makadirio yao wazi. Wapigaji wa mbali kuliko wote duniani watapungukiwa yadi 13 hadi 15. Mchezaji wa kawaida wa kulipwa, wa kiume, yadi 9 hadi 11. Wanawake wa kulipwa, yadi 5 hadi 7. Mchezaji wa kujifurahisha, yule wa Jumamosi, yadi 5 au pungufu, na hiyo ni kwa draiva. Kwa fimbo fupi za kukaribia grini tofauti inakuwa ndogo mno kuonekana.

Kwa nini mwenye nguvu apoteze zaidi? Fikiria spidi gavana ya matatu. Dereva aliyezoea kwenda kilomita 120 kwa saa ataichukia siku ya kwanza. Anayeendesha kwa 60 ataishi nayo mwaka mzima bila kujua kama imefungwa. Mfano huu una kasoro moja ambayo sitaki kuificha, kwamba mpira mpya hautakuwa na ukuta unaomgonga mtu mmoja na kumwacha mwingine kabisa, kwa sababu kila mmoja atapoteza chembe. Lakini mwelekeo ni huohuo. Ukinzani wa hewa haukui sambamba na kasi, unakua upesi kuliko kasi: mpira ukienda mara mbili ya mwendo, hewa huukinza karibu mara nne. Vilevile kiini cha mpira hubonyea na kurudi kwa nguvu zaidi kikipigwa kwa ukali. Popote mtengenezaji atakapopunguza, iwe ndani ya kiini au kwenye vile vibonyeo vya juu, makali yake yatamfika zaidi anayepiga kwa maili 120 kuliko mwanamume wa kawaida klabuni, ambaye fimbo yake huenda kwa maili 93 hivi.

Hapa Afrika Mashariki tuna njia nzuri zaidi ya kuuelewa ukubwa wa yadi tano. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na mpira wa gofu hupita humo kwa urahisi zaidi. Mkwaju wa yadi 220 Mombasa unaweza kufika 232 au hata 235 Nairobi, mpigaji yuleyule, fimbo ileile. Kila mwanagofu wa Karen au Muthaiga anayeshuka kucheza Nyali au Vipingo analijua jambo hili mwilini: anachukua fimbo aliyozoea, anapiga vizuri kabisa, na mpira unaanguka kabla ya grini. Kedi wa pwani, yaani mbebaji wa fimbo, humwambia mgeni wa bara mapema, chukua fimbo kubwa zaidi. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya yadi kumi, na hakuna aliyewahi kusema gofu ya pwani imeuawa. Watu wanabadilisha fimbo, wanaendelea na mchezo. Kanuni mpya itamgharimu mchezaji huyohuyo pungufu ya nusu ya kile anachopoteza akiteremka pwani.

Basi kama ni kidogo hivyo, kwa nini wasumbuke? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya miaka arobaini na zaidi.

Mwaka 1980 wastani wa mkwaju wa draiva kwenye PGA Tour ulikuwa takriban yadi 257. Mwaka 1997 John Daly alipovuka wastani wa yadi 300 kwa msimu mzima, ilikuwa habari ya ajabu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Kufikia 2003 wastani wa wachezaji wote ulikuwa 286. Leo wastani wa wachezaji wote umefika takriban 300. Kilichokuwa ajabu ya mtu mmoja sasa ni kazi ya kawaida ya mtu wa katikati.

Mambo kadhaa yalichangia kwa pamoja. Vichwa vya draiva viliacha kuwa vya mbao, vikawa vya chuma, kisha vya titani, vikubwa na vyepesi, mpaka ikabidi kuwekwe kikomo cha sentimita za ujazo 460. Mwishoni mwa mwaka 2000 ukaingia mpira wa Pro V1 wa Titleist, uliounganisha vitu viwili vilivyokuwa havikai pamoja: kwenda mbali kwa draiva, na kutulia haraka kwenye grini. Zikaja kompyuta za kupima kila pigo, na wachezaji wakaanza kujenga misuli kama wanariadha. Anayesema kwamba ni mazoezi tu ndiyo yaliyoleta yadi hizi anasema nusu ya ukweli. Mwili wa binadamu haukubadilika kati ya 2000 na 2003. Vifaa ndivyo vilivyobadilika.

Viwanja vilijibuje? Kwa kurefuka. Tiger Woods aliposhinda Masters, mojawapo ya mashindano makuu manne ya wanaume, mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, uwanja wa Augusta National ulikuwa na urefu wa yadi 6,925. Kufikia 2024 ulikuwa na yadi 7,555. Shimo la 13, mojawapo ya mashimo maarufu kuliko yote duniani, lilikuwa na yadi 510 mpaka klabu ikanunua ardhi kwa jirani yake, klabu nyingine ya gofu, ikarudisha tii nyuma, na kuanzia 2023 shimo hilo lina yadi 545. Augusta ina pesa za kufanya hivyo. St Andrews haina nafasi: Old Course imebanwa kati ya mji na ufuo wa bahari, na baadhi ya tii zake za mashindano makuu zimelazimika kuwekwa nje ya mipaka ya uwanja wenyewe. Kwenye Open ya 2022 Cameron Smith alimaliza akiwa mikwaju 20 chini ya kiwango, yaani idadi ya mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari, katika uwanja huo wa kale.

Turudi nyumbani. Royal Nairobi, klabu iliyoanzishwa 1906, imepakana na Kibera. Gymkhana ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, barabara kila upande. Niambie, uwanja kama huo utarefushwa kuelekea wapi? Na hata kama ardhi ingepatikana, ingekuwa haki kuichukua kwa ajili ya kurudisha tii nyuma hatua arobaini? Kila yadi inayoongezwa ni majani ya kukatwa, maji ya kumwagiliwa wakati wa kiangazi, mbolea ya kununuliwa, na dakika zaidi za kutembea kwa mchezo ambao tayari unakula nusu siku. Gharama hizo hazilipwi na anayepiga yadi 330. Zinalipwa na ada ya mwanachama anayepiga 200, na mahali penye shida ya maji zinalipwa na majirani pia. Hii ndiyo sababu naunga mkono mabadiliko haya bila kusita. Ni afadhali kugusa mpira wenye uzito usiozidi gramu 46 kuliko kugusa ekari za mji.

Wapinzani nao wana hoja, na baadhi zina uzito. Hoja ya kwanza ni kwamba tatizo ni la watu wachache sana, kwa nini dawa wanyweshwe wote? R&A na USGA wenyewe waliwahi kuona hivyo. Machi 2023 walipendekeza kanuni ya mashindano ya juu peke yake: wataalamu watumie mpira uliopunguzwa, wengine waendelee na wa zamani. Walioikataa ni watengenezaji wa mipira, PGA Tour, na PGA of America, chama cha walimu wa gofu. Walisema uzuri wa gofu ni kwamba mchezaji wa kawaida anatumia mpira uleule anaotumia bingwa, na kuwatenganisha ni kuuvunja mchezo vipande viwili. Pendekezo likafa. Miezi tisa baadaye ikaja kanuni moja kwa wote, na wengi wa walioikataa ya kwanza wakailaumu ya pili. Rory McIlroy, mmoja wa wapigaji wa mbali kuliko wote, amekuwa akiunga mkono kupunguzwa. Tiger Woods naye alipendelea njia ya kuwatenganisha. Jack Nicklaus, bingwa wa zamani, amelilia jambo hili kwa miongo kadhaa. Kwa upande wa pili, Acushnet, kampuni inayotengeneza Titleist, imepinga waziwazi.

Hoja ya pili ni kwamba jambo kama hili halijawahi kutokea. Limewahi, tena zaidi ya mara moja. Kwa miongo mingi dunia ilikuwa na mipira miwili halali: ule mdogo wa Uingereza wenye kipenyo cha inchi 1.62, na mkubwa wa Marekani wa inchi 1.68. Mdogo ulipenya upepo na kwenda mbali zaidi. Mashindano ya Open yakaamuru mkubwa mwaka 1974, na kufikia 1990 mdogo ulikuwa umefutwa katika kanuni duniani kote. Mamilioni ya watu walipoteza yadi, na leo hakuna anayeyakumbuka maombolezo yao. Hata kipimo cha mashine si kigeni. Kiliwekwa 1976 na kikarekebishwa 2004 kwa sababu wapigaji walikuwa wameongeza kasi. Kinachofanyika sasa ni marekebisho mengine ya mstari uleule.

Hoja ya tatu, ambayo mimi naiona kuwa nzito kuliko zote, inauliza kwa nini mpira na si draiva. Draiva kubwa za kisasa husamehe makosa. Mtu anakosa kupiga kwa katikati ya uso wa fimbo na bado mpira unakwenda mbali na karibu na mstari. Fimbo ndogo ingemlazimisha mpigaji kuwa mwangalifu, na ustadi ungepata thamani tena. Ni kweli. Tatizo ni kwamba draiva inayosamehe ndiyo hiyohiyo inayomsaidia mwanafunzi, mzee na mama anayeanza mchezo akiwa na miaka hamsini. Ukiipunguza, unamuumiza zaidi aliye dhaifu. Mpira, kama tulivyoona, unamgusa zaidi mwenye nguvu. Kati ya njia hizo mbili, hii ina huruma zaidi.

Kinachobaki kizungumkuti ni utekelezaji, na hapa lazima tuelewe nguvu iko wapi. R&A na USGA wanaandika kanuni, lakini hawana polisi. PGA Tour ni shirika linalojitegemea na linaweza, likitaka, kuandika masharti yake ya mashindano. Wapo wanaolishauri likatae. Lakini tazama mashindano makuu manne ya wanaume: Open ni mali ya R&A, US Open ni mali ya USGA, na Masters ni ya Augusta National, ambayo mwenyekiti wake, Fred Ridley, amesimama upande wa kupunguza umbali. Yanabaki ya PGA of America peke yake. Mchezaji anayeota kushinda makombe hayo hatataka kucheza wiki moja kwa mpira huu na wiki inayofuata kwa ule. Mkono wa mwanagofu huzoea mpira mmoja. Ndiyo maana naamini PGA Tour itanung'unika na hatimaye itafuata. Kwa Kenya Open, ambayo ilianza 1967, ambayo Mhispania Seve Ballesteros aliibuka mshindi wake mwaka 1978, na tangu 2019 ni sehemu ya ratiba kuu ya Ulaya, mashabiki wa Nairobi wataona tofauti ndogo: hewa ya juu itaendelea kuwapa wageni yadi za bure, na mpira mpya utachukua sehemu tu ya yadi hizo.

Tumalizie na lile linaloulizwa zaidi na makedi na wachezaji wa kipato cha chini, wanaotegemea mipira iliyookotwa vichakani na kuopolewa mabwawani. Je, mipira hiyo itakuwa takataka ifikapo 2030? Kwa mchezo wa kirafiki, hakuna atakayekagua mfuko wako, na mipira ya zamani itaendelea kuchezwa mpaka ipotee tena. Kwa mashindano ya klabu na raundi za kuhesabia handikapu, yaani alama inayoonyesha uwezo wa mchezaji, mpira unapaswa kukidhi kipimo kinachotumika wakati huo. R&A na USGA huchapisha orodha ya mipira iliyoidhinishwa, jina na alama zake zikiwa zimeandikwa, na mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye tovuti zao bila malipo. Si kila mpira wa leo utaanguka mtihani: ule wa bei nafuu uliotengenezwa bila kusukumwa hadi ukingoni mwa kikomo unaweza kupita kama ulivyo. Kwa sasa usinunue akiba ya miaka mitano kwa hofu, na usimruhusu muuzaji akuuzie mpira wa bei ghali kwa madai kwamba ndio wa mwisho wa aina yake. Klabu nazo zianze kuwaeleza wanachama na makedi wao mapema, kwa lugha wanayoielewa, tarehe ambayo kanuni itaanza kutumika katika mashindano yao na mahali pa kuangalia orodha.